Podikasti za vichekesho Arusha na Moshi: kwa nini zinakufa kabla ya kipindi cha kumi?

#1 Chalii wa Mianzini

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana. Mwezi wa tano mimi na masela wawili tulianzisha podikasti ya vichekesho hapa Arusha. Chumba changu cha Mianzini ndiyo ilikuwa studio: meza moja, kompyuta, maiki moja niliyoinunua mkononi kwa mtu, na godoro tumeliegemeza dirishani. Kipindi cha kwanza kilisikilizwa mara 212. Sijawahi kufurahi vile, nilikuwa naamka usiku kuangalia namba. Cha pili 160 na kitu, cha tatu 90, cha saba 38. Cha nane hakipo. Hakuna aliyesema tunaacha. Jumapili moja hatukukutana, iliyofuata mmoja akawa na msiba, ya tatu hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Ingekuwa sisi peke yetu ningenyamaza. Lakini nawafahamu wengine wanne, wawili wa hapa Arusha na wawili wa Moshi, walioanza kwa moto wakazimika kati ya kipindi cha tano na cha tisa. Na ni watu wenye vipaji kweli, wakikaa kijiweni wanakuvunja mbavu.

Mtazamo wangu ni kwamba Dar imemeza kicheko cha nchi hii. Jukwaa la Cheka Tu liko kule, televisheni ziko kule, wadhamini wako kule. Mchekeshaji wa Kaskazini akitaka kuonekana lazima apande basi. Mwenye maoni tofauti aseme. Nataka kuanza tena na sitaki kufia tena kipindi cha saba.

#2 Karanga za Bure

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Endeleeni.

#3 Fundi Spika

Mkuu, usiisingizie Dar. Kipindi chenu cha nne nilitumiwa linki na kijana mmoja kazini, nikakisikiliza. Mmekirekodi mvua inanyesha. Mwezi wa tano masika bado hayajaisha na nyumba zetu nyingi ni bati bila dari. Kuna mahali mwenzenu anasimulia habari za mama mwenye nyumba, anafika kwenye utamu wenyewe, bati linapokea. Nimerudisha nyuma mara tatu. Kichekesho cha kurudisha nyuma mara tatu kimeshapoa.

Halafu maiki moja watu watatu. Bila shaka ni ya kondensa, maana nimesikia mpaka jogoo wa jirani. Tafuteni za dainamiki, aina ya Shure SM58, ile mnayoiona kanisani na kwenye bendi. Imeanza kutengenezwa mwaka 1966 na bado inauzwa, kwa sababu inamsikia aliye mbele yake, walio pembeni inawaachia wenyewe. Mdomo ukae umbali wa ngumi moja. Godoro la dirishani litoeni, tundikeni blanketi zito kwenye ukuta ulio nyuma ya anayeongea, huko ndiko maiki inakotazama.

Kubwa kuliko yote ni kicheko. Mtu anaongea taratibu, mara anapasuka kucheka, sauti inagonga juu na kuchanika, na sauti iliyochanika haishoneki. Rekodini kwa kiwango cha chini, maongezi ya kawaida yakae karibu na dB -18 kwenye mita, ili kicheko kikija kikute nafasi. Mkimaliza kuhariri ndipo mpandishe kazi nzima mpaka -16 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima, hicho ndicho kiwango Apple wanachoshauri. Programu ya Audacity inafanya yote haya na ni ya bure.

#4 Mama Mtori

Fundi, heshima yako, ila hapo sikubaliani nawe.

Mimi niko Majengo, Moshi. Nasikiliza nikimenya ndizi, simu nimeitumbukiza kwenye bakuli tupu ili sauti iwe kubwa. Sauti mbaya naivumilia. Redio ya marehemu baba ilikuwa inakoroma na tulicheka mpaka machozi. Nisichovumilia ni vijana watatu kucheka dakika nzima kitu ambacho mimi sijaambiwa. "Unamkumbuka yule jamaa wa Rau?" "Yule wa pikipiki!" Halafu kwa kwa kwa. Mimi simjui jamaa wa Rau. Mmenikaribisha sebuleni, nimekaa, halafu mnanong'onezana.

Kijiweni kila mtu anamjua anayesemwa, ndiyo maana kijiwe kinachekesha. Jikoni kwangu hakuna anayemjua mtu. Mtoa mada, huyo mama mwenye nyumba mlisema anafananaje? Anatembeaje? Akija kudai kodi anaanza na salamu au anaanza na mlango?

#5 Chalii wa Mianzini

Mama, umenigusa. Nimerudi kusikiliza kipindi cha tano sasa hivi. Dakika sita za mwanzo tunacheka safari ya Karatu ambayo hatukuisimulia popote. Nimeona aibu.

Ila cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo na watu 212 walisikiliza.

#6 Mama Mtori

Hao 212 ni ndugu, majirani na mliosoma nao. Walikuja kuwapongeza. Wale 38 ndio wasikilizaji wako, mwanangu. Usiwadharau.

#7 Mangi wa Double Road

Mnazunguka mbuyu wakati jibu liko wazi: bando. Podikasti ya nusu saa inakula MB 100. Nina duka hapa Moshi, nauza vocha kila siku, najua watu wananunua bando la bei gani. Hakuna atakayemaliza bando lake la siku kwa watu wanaocheka, akose kumjibu mchumba.

#8 Fundi Spika

Mangi, hesabu hiyo siyo. Faili la kbps 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, ni kilobaiti 16 kwa sekunde. Nusu saa ni sekunde 1,800, zidisha, unapata MB 28.8. Ukitoa kwa mono, yaani sauti ya njia moja, kbps 64, ambayo kwa maongezi matupu inatosha kabisa, ni MB 14.4. Hizo MB 100 ni za video.

#9 Mangi wa Double Road

Hesabu nimeipokea, asante. Lakini bado nasimama kwenye bando, ila nageuza upande.

Wateja wangu hawafungui linki. Mmoja akishapakua anawatumia wenzake faili kwa WhatsApp, au wanasogeza simu karibu wanapeana kwa Bluetooth. Mashine inamhesabu yule mmoja aliyepakua. Hapa dukani kwangu nimeshasikia kipindi kimoja cha wale vijana wa Moshi kwenye simu za watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na programu ya podikasti. Kwa hiyo mtoa mada, inawezekana mlikuwa na watu 300 mkaacha mkidhani mna 38. Mliua mtoto akiwa mzima.

#10 Chalii wa Mianzini

Aisee Mangi. Hilo sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

#11 Mwalimu wa Tengeru

Salaam. Nadhani vijana wanakosa historia. Podikasti zilianza Marekani mwaka 2007 ilipotoka iPhone, na waliofanikiwa walikuwa na simu nzuri na intaneti ya bure. Huwezi kuilinganisha na hapa.

#12 Msomaji Kimya

Mwalimu, samahani nikurekebishe. Neno lenyewe liliandikwa kwa mara ya kwanza na Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian, Uingereza, Februari 2004. iTunes ikaanza kubeba podikasti Juni 2005. Desemba mwaka huo huo mchekeshaji Ricky Gervais na wenzake wakaanza yao. iPhone ilikuta watu wameshacheka miaka miwili.

Na huyo wa "waliofanikiwa" mfikirie Marc Maron. Mchekeshaji, umri umekwenda, ametoka kupoteza kazi ya redio. Alianza Septemba 2009, baadaye akawa anarekodia kwenye gereji ya nyumbani kwake Los Angeles, vipindi viwili kwa wiki. Juni 2015 Rais Obama alikwenda kukaa kwenye gereji ile ile akahojiwa. Hicho kilikuwa kipindi cha 613. Mtoa mada anauliza kwa nini cha saba hakikujaa watu. Mkuu, nakupenda bure, lakini cha saba ni mapema.

#13 Karanga za Bure

Gereji ya Marekani ina zulia. Nenda urekodi kwenye gereji za Unga Limited uone kama grinda itakupisha.

#14 Mwalimu wa Tengeru

Nimekubali marekebisho, asante Msomaji Kimya. Lakini hoja yangu ya uwezo ibaki. Mtu wa vipindi 613 alikula nini njiani?

#15 Mtani kutoka Same

Mimi ni Mpare, nina haki ya kuwaambia Wachaga ukweli.

Nimesikiliza podikasti moja ya Moshi. Vijana wa Kibosho kabisa, wanaongea kama wamezaliwa Sinza. Wamejifunza kuvuta maneno, wamefuta ile "aisee" yao ya asili, wamefuta "meku", wamefuta kila kitu. Sasa angalia ajabu: wachekeshaji wa Dar wanamwigiza Mangi wa dukani kwa lafudhi yake na nchi nzima inacheka. Mangi mwenyewe akipewa maiki anaificha! Watu wanaenda kumcheka Mangi wa kuigiza kwa sababu Mangi halisi amejificha nyuma ya Kiswahili cha Kariakoo.

Ze Komedi walipoanza pale TBC kila mmoja alikuwa na sauti yake ya kwao, ukizima picha bado unawajua mmoja mmoja. Hapo ndipo vijana wetu wanapokosea.

#16 Msomaji Kimya

Walianzia EATV kama Ze Comedy, TBC1 wakahamia mwaka 2008 kama Orijino Komedi. Ila hoja ya sauti ni kweli. Masanja, Joti, Mpoki, Wakuvanga, ungeweza kufumba macho ukawatofautisha.

#17 Mangi wa Double Road

Mtani, kabla ya lafudhi, niambie umesoma uzi huu kwa bando la nani? Maana nakujua. Jirani akikudai MB 5 utauza ng'ombe mwende mahakamani.

#18 Mtani kutoka Same

Na nitashinda kesi. Wewe endelea kumpimia mtoto sukari huku kidole kiko kwenye mzani.

#19 Chalii wa Mianzini

Nimecheka sana. Na hapo hapo nimeumia, kwa sababu hiki mnachofanya sasa hivi sisi hatukuwahi kukifanya kwenye maiki. Mmoja wetu ni Mwarusha, mmoja Mchaga wa Rombo, mimi mama ni Mmeru na baba ni Mnyiramba. Mtaani tunataniana kutwa. Maiki ikiwaka tunakuwa watangazaji. Mimi nilikuwa nalikwepa hata neno "chalii" nikidhani mtu wa Mwanza hatanielewa. Jina langu hapa ni Chalii, tazameni ajabu hiyo.

#20 Niliwahi Kuwa Mmoja Wao

Nimejisajili ili nijibu uzi huu.

Mimi ni mmoja wa wale wanne anaowasema mtoa mada, simtaji yupi. Sauti yetu ilikuwa nzuri, tulikuwa na maiki tatu. Tulikuwa tunaandika kabla. Lafudhi yetu ilikuwa ya hapa hapa. Tulifika kipindi cha tisa na wasikilizaji walikuwa wanapanda. Kilichotuua ni hela, na haikuwa nyingi.

Baa moja ilitaka tuitaje mwanzoni mwa kila kipindi. Walitupa 150,000 kwa mwezi na nyama choma kila Ijumaa. Kabla ya hapo tulikuwa ndugu. Baada ya hapo ikaanza: nani anaandika zaidi, nani ana maiki zake, nani ndiye watu wanayemfuata. Mwezi wa pili baa haikulipa, kila mmoja akadhani mwenzake amepokea kimya kimya. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe ya mmoja wetu, na jina la podikasti lilikuwa jina lake la utani. Alipoondoka aliondoka na vyote, vipindi tisa vikafutwa kwa siku moja. Sina hata nakala ya kumsikilizisha mwanangu.

Mtoa mada, kama unaanza tena, fungueni barua pepe ya podikasti ambayo si ya mtu. Nywila wote muwe nayo. Nakala za sauti kila mmoja aweke kwake. Na kabla ya shilingi ya kwanza kuingia andikeni kwenye karatasi: maiki ni za nani, jina ni la nani, anayeondoka anaondoka na nini. Rafiki yangu yule tunaonana Kilombero sokoni, tunasalimiana, basi.

#21 Mama Mtori

Pole sana. Msalimie kwa mara ya pili.

#22 Dada wa Njiro

Jamani hakuna aliyegusa leseni, na hili linawatisha vijana wengi kimya kimya. Nimesikia mtu akiambiwa "utalipa milioni mbili ndio uongee", akafunga kompyuta.

Hiyo hesabu ina asili yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 ya kila mwaka. Lakini zilikuja kanuni nyingine 2020, nazo zikarekebishwa 2022. Kwa hiyo anayekupigia hesabu ya 2018 anasoma karatasi ya zamani, na anayekuambia hakuna sheria yoyote naye usimsikilize. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha. Nenda, eleza kwamba mnafanya vichekesho na si habari, uliza mko kundi gani kwa sasa, omba uonyeshwe kifungu.

Na muziki wa kufungulia kipindi: hakuna kitu kinaitwa "sekunde kumi ni bure". Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haina ukarimu huo. Kuna vijana kibao Ngarenaro wanaotengeneza midundo, mwombeni mmoja awatengenezee wa kwenu, mwandikiane.

#23 Mangi wa Double Road

Dada, unataka kusema mchekeshaji anakufa kwa kuogopa karatasi?

#24 Dada wa Njiro

Nasema anayeogopa huongea nusu. Na msikilizaji anasikia ile nusu iliyobaki kooni. Ukijua mpaka uko wapi unacheza mpaka pembeni yake bila kutetemeka.

#25 Saluni ya Pasua

Wapendwa, niwape yangu. Nina saluni Pasua. Mwaka jana vijana wawili waliniomba warekodie kwangu Jumamosi kwa sababu kwao kuna kuku. Nikawaambia sawa, ila wateja siwaondoi.

Walipoanza walikuwa wakavu, wanasoma kwenye daftari. Mteja mmoja aliyekuwa anasukwa akawakatiza: "Wewe kijana, hiyo harusi unayosema, shangazi alikaa meza gani?" Kijana akamjibu. Mwingine akadakia. Dakika kumi baadaye saluni nzima inagaragara, msusi wangu ameachia rasta katikati. Kile kipindi ndicho kilichopendwa kuliko vyote walivyowahi kutoa. Waliniambia wenyewe kwamba chumbani walikuwa wanamchekesha mtu wasiyemwona, saluni wakimwona shangazi wa mtu anakunja uso wanajua hapa tumekosea, wanageuza.

Niseme na hili. Kabla ya kutoa niliwaomba warudi kwa kila mteja kuuliza kama anaridhia sauti yake isikike. Mmoja alikataa, alikuwa amemsema wifi yake. Walimkata. Watu wakija kusuka hawajaja kurekodiwa.

#26 Fundi Spika

Saluni ni wazo zuri ila drai lile likiwaka ni balaa, linavuma kwenye rekodi mwanzo mpaka mwisho. Kabla ya kuanza ombeni kila kitu kizimwe, rekodini nusu dakika ya ukimya wa chumba. Ile nusu dakika ndiyo mtaionyesha Audacity ili iondoe mvumo uliobaki. Na mwenye saluni, feni pia.

#27 Saluni ya Pasua

Feni siwezi mwezi wa pili. Moshi unaijua joto lake.

#28 Mgumu wa Machame

Nimechelewa, nilikuwa mlimani Kilimanjaro.

Mimi ni mpagazi. Kabla ya kufika geti la Machame napakua kila ninachoweza kwa sababu huko juu mtandao ni wa kubahatisha. Usiku hemani, tukishakula, simu moja inawekwa katikati na watu sita tunasikiliza. Karanga za Bure, wewe unakula karanga, sisi tunazisikiliza podikasti Karanga kwenyewe, kambi ya mita 3,995, baridi inauma mpaka meno, na mtu anacheka akiwa ndani ya begi la kulalia amefunga zipu mpaka puani.

Sasa sikilizeni. Mtoa mada alianza mwezi wa tano. Mwezi wa nne na wa tano mlima hauna wageni, sisi tupo nyumbani hatuna hela ya bando wala hamu. Tunaanza kupanda kwa wingi kuanzia mwezi wa sita, na huo ndio wakati tunaohitaji kitu cha kusikiliza. Mwezi wa saba nilitafuta kipindi kipya cha watu wa Arusha sikukuta. Nilidhani simu yangu ina tatizo. Mji huu unakula kwa msimu, na kucheka ni hivyo hivyo. Mlianza njaa ikiwepo mkaacha shibe ilipofika.

#29 Chalii wa Mianzini

Mgumu, nimeacha chakula nikaenda kutazama tarehe. Kipindi cha saba tulikitoa wiki ya mwisho ya Juni. Yule mwenzetu wa Rombo ni dereva wa watalii. Julai nyumbu wanavuka Mara, alikwenda Serengeti akawa anarudi mjini usiku mmoja, anabadilisha nguo, anaondoka. Mimi nilikasirika nikadhani ametudharau. Alikuwa kazini. Na sikuwahi kumwuliza.

#30 MC wa Usa River

Nawaheshimu wote, lakini mnazungumzia sufuria wakati chakula hakijapikwa. Nimesherehesha harusi na komunio miaka mingi. Ukumbini mwili unanisaidia: nikikunja uso watu wanacheka kabla sijasema. Kwenye sauti tupu sina uso. Vijana wetu wanaongea vile vile wanavyoongea wakionwa, ndiyo maana msikilizaji anapoteana.

Na si kwamba nchi hii haijui kuchekea masikio. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Kabla ya hapo familia nzima ilizunguka redio kusikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na tuliwaona wale watu kichwani kuliko ninavyowaona wa kwenye kioo leo. Walijua kwamba mlango lazima usikike ukifunguliwa.

Mtoa mada, ile ya mama mwenye nyumba nimekwenda kuisikiliza, mwenzako aliisimulia hivi: mama alitukatia maji kwa sababu jogoo wetu alimwamsha. Imeisha kabla haijaanza. Jaribu hivi. Jogoo wetu kawika saa tisa usiku. Mama mwenye nyumba hakusema neno. Asubuhi katusalimia vizuri, kauliza mpaka hali ya jogoo. Tunakwenda kunawa, tunafungua bomba. Halafu nyamaza. Usiseme "maji yamekatwa". Mwache Mama Mtori ajikatie mwenyewe kule jikoni kwake.

#31 Mama Mtori

Nimecheka peke yangu hapa. "Kauliza mpaka hali ya jogoo." Huyo mama namjua sasa.

#32 Mangi wa Double Road

MC, enzi za Pwagu watu walikuwa na redio moja na kituo kimoja, hawakuwa na pa kukimbilia. Leo ukinyamaza sekunde tatu kijana ameshahamia YouTube. Mimi ningewaambia waweke kamera tu.

#33 Fundi Spika

Kamera wakati chumba kina mwangwi? Haya.

#34 Mwalimu wa Tengeru

Natoka nje kidogo ya mada. Mama Mtori, mtori wako unaweka karoti? Nyumbani kuna ugomvi.

#35 Mama Mtori

Mwalimu! Ndizi, nyama yenye mfupa, kitunguu, chumvi, siagi kidogo mwishoni. Karoti peleka kwenye pilau.

#36 Mtani kutoka Same

Wakigombana kwenye mtori ndipo wanaongea kwa lafudhi zao. Rekodini hiyo.

#37 Chalii wa Mianzini

Wakuu, mmenipa mambo mengi kuliko nilivyotegemea, na mengine yanapingana, sijui nishike lipi kwanza. Bado naamini Dar ina sehemu yake. Ila leo jioni nimempigia simu yule wa Rombo. Tumeongea saa nzima na dakika ishirini, nusu yake tulikuwa tunacheka. Anasema yuko huru Jumamosi mbili zijazo kabla hajapata safari. Tunataka tuzirekodi tano kwa mpigo, tuziweke akiba.

Saluni ya Pasua, ukituruhusu tunashuka Moshi na kosta ya asubuhi. Wateja tutawauliza mmoja mmoja.

#38 Saluni ya Pasua

Karibuni. Njooni kabla ya saa nne, baada ya hapo foleni ya kusuka inafika nje. Feni inabaki.

#39 Fundi Spika

Nina blanketi mbili na SM58 moja ya kuazima. Iliyobaki tafuteni.

#40 Mgumu wa Machame

Napanda Jumatatu ya wiki inayofuata. Kimoja tu kiwe tayari kabla sijafika getini, tafadhali.

#41 Mpita Njia wa Sanawari

Nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Komenti arobaini, na hakuna mahali mtoa mada ametaja podikasti yenyewe inaitwaje. Inaitwaje?